Ujasiri wa Kuwekeza Hautoki Kwenye Ujuzi Peke Yake

Safaricom ilipoingia Soko la Hisa la Nairobi Juni 2008, hisa moja iliuzwa shilingi 5. Watu walipanga foleni, wengine kwa pesa za mkopo. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, hivyo aliyekopa aligawiwa sehemu tu ya alichoomba, huku riba ikimla kwa mkopo mzima. Mwaka uliofuata bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Mwenye deni akauza, mwoga naye akauza. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita shilingi 40.

Wote walikuwa na waraka uleule wa kampuni unaoeleza hisa zinazouzwa, ingawa si wote waliousoma. Walitofautiana tabia.

Mchangamfu mwenye marafiki tele husikia fununu mapema, akadhani kusikia ndiko kujua. Hununua na kuuza mno. Watafiti Barber na Odean walipochunguza kaya 66,465 za Marekani, kati ya 1991 na 1996, waliokuwa wakiuza na kununua zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka. Soko lenyewe lilitoa 17.9. Gharama ndizo zilizowala. Tuseme dalali anakata asilimia 2 unaponunua na 2 unapouza: hisa ikipanda kwa asilimia 4, bado hujapata kitu.

Huyu aandike mambo matatu kwenye daftari kabla ya kumpigia dalali: kwa nini nanunua, nini kitanifanya niuze, na pesa hii naihitaji lini. Kisha alale siku mbili. Sababu ikiwa ni "fulani kaniambia", alifunge daftari.

Mwoga asijilazimishe kuwa simba. Atenge kwanza matumizi ya miezi mitatu hadi sita, halafu benki imkatie kiasi kilekile cha kuwekeza kila mwezi, siku inayofuata mshahara. Bei aitazame mara moja kwa miezi mitatu. Anayechungulia kila siku hukutana na hasara ndogondogo nyingi, na hasara huuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyofurahisha.

Mpangaji makini ana kasoro moja: husoma mpaka mwaka unakwisha. Ajiwekee tarehe ya kuamua.

Mpole ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu shemeji akimletea mpango wa kuwekeza, huona haya kumwambia "hapana". Ajifunze jibu moja: "Nitumie jina la kampuni nilitafute kwenye orodha ya kampuni zenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji." Shemeji akianza kukasirika kabla hata hujalitafuta, jibu umeshalipata.