Maswali ya Wasomaji: Fomu ya tathmini ya mhadhiri imepima nini?

SWALI: Mhariri, salaam kutoka Tanga. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza. Mwenzangu wa kiume anafundisha mkondo wa pili: slaidi zilezile, mtihani uleule. Muhula uliopita wanafunzi 14 kati ya 62 walijaza fomu yangu, nikapata wastani wa 3.36 kati ya 5. Yeye alipata 3.9. Mkuu wa idara anasema tofauti hiyo itapelekwa kwenye kikao cha mikataba. Nianzie wapi?
Mhadhiri, Chumbageni

JIBU: Mwalimu, anzia kwa hao 14 kabla hujagusa suala la jinsia. Omba kitengo cha uthibiti ubora kikupe mgawanyo wa majibu: wangapi waliweka 1, wangapi 2, mpaka 5. Watu 11 wakiweka 4 na watatu wakaweka 1, jumla ni 47 na wastani ni 3.36. Watano wakiweka 4 na tisa wakaweka 3, jumla ni 47 vilevile. Darasa la kwanza limeridhika ila watatu wamekasirika. La pili ni vuguvugu tupu. Wastani unayafunika yote mawili kwa kawa moja. Na kuna 48 wasiojaza. Tuseme mgawanyo wako ni ule wa kwanza, na hao 48 nao wangeweka 4: ungepata 3.85, umpungukie mwenzako kwa nukta kiduchu. Wewe ni mtu wa takwimu, hesabu hii iandike ubaoni kikaoni.

Sasa jinsia. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani katika kozi ya mtandaoni. Wasaidizi wawili, mwanamke na mwanamume, walifundisha makundi mawili kila mmoja: moja kwa utambulisho wake halisi, jingine kwa utambulisho wa mwenzake. Kazi zilirudishwa kwa muda uleule. Kwenye swali la kurudisha kazi kwa wakati, jina la kiume lilipata 4.35 na la kike 3.55. Wanafunzi walikuwa 43 tu, kwa hiyo usilibebeshe jaribio hilo mzigo wote. Lakini Maastricht, Uholanzi, utafiti wa tathmini karibu 20,000 uliochapishwa 2019 ulikuta wanawake wanapewa alama za chini, hasa na wanafunzi wa kiume, ilhali matokeo ya wanafunzi wao hayakuwa mabaya zaidi.

Takwimu ina kisa chake pia: ni somo la sapu, yaani mitihani ya marudio, na alama nzuri kwenye fomu haimaanishi kuwa wanafunzi wameandaliwa vizuri kwa masomo ya mbele. Katika chuo cha jeshi la anga la Marekani, ambako wanafunzi hupangiwa walimu kwa bahati nasibu, utafiti wa 2010 ulionyesha kuwa walimu waliopewa alama nzuri walikuwa na wanafunzi waliofanya vizuri katika kozi ileile, kisha wakafanya vibaya zaidi katika kozi zilizofuata.

Kikaoni nenda na mgawanyo wa majibu, matokeo ya mtihani wa mikondo yote miwili, na ripoti ya wenzako wawili waliokaa darasani kwako angalau vipindi viwili tofauti. Omba maswali kama “ukumbi unafaa” na “mhadhiri ana ujuzi wa kutosha” yasihesabiwe. La kwanza linahusu feni na projekta. La pili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana kipimo chake. Maoni juu ya mavazi au sauti yako yawekwe kando. Ila maoni yanayorudi muhula hadi muhula, mfano “anakimbia sana kwenye mifano”, yapokee, maana hapo wanafunzi ndio mashahidi hasa.

SWALI: Kama upendeleo unajulikana, kwa nini tusiwaongezee wahadhiri wa kike alama, tuseme 0.3, tukamaliza?
Mkuu wa idara, Bagamoyo

JIBU: Kwa sababu hauna kipimo kimoja. Uchambuzi wa 2016 uliolinganisha data za Ufaransa na za lile jaribio la Marekani ulikuta kuwa Ufaransa wanafunzi wa kiume ndio waliowapendelea wahadhiri wanaume. Marekani walikuwa wanafunzi wa kike. Ukubwa wake pia hubadilika kulingana na somo. Nyongeza yako itamzidishia mmoja na kumpunja mwingine.

Rekebisha chombo chenyewe. Fomu ijazwe darasani, dakika 15 za mwanzo wa kipindi, mhadhiri akiwa nje na mtu mwingine akikusanya. Kama mnatumia skeli ya 10, punguzeni: utafiti wa 2019 ulionyesha kuwa kuhama kutoka 10 kwenda 6 kulipunguza pengo la jinsia katika fani zenye wanaume wengi. Ripoti itoe mgawanyo na idadi ya waliojaza, bila kupanga wahadhiri kwa nafasi. Nchini Kanada, mwaka 2018, msuluhishi wa mgogoro wa chuo cha Ryerson aliamua kuwa alama hizi zisitumike kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo.

SWALI: Ni kweli mhadhiri akitugawia pipi anapata alama nzuri?
Mwanafunzi, Bagamoyo

JIBU: Si lazima hata azigawe yeye. Katika jaribio la Marekani la 2007, chokoleti ilitolewa na aliyeleta fomu, mwalimu hakuhusika, na alama zake bado zilipanda. Soda na kashata za kufunga muhula ziwekeni siku nyingine.