Nadhiri ya Kibeho na Njia ya Santiago: je, nikienda kwa sababu zangu binafsi, ni hija?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu, Padri. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kadutu, hapa Bukavu. Mke wangu alipougua nilimwahidi Mungu kwamba akipona nitakwenda kwa miguu Kibeho, kule Rwanda alikotokea Bikira Maria. Hakupona. Sasa mtoto wangu aliye Ubelgiji ananialika tutembee pamoja Njia ya Santiago, kule Hispania. Kusema kweli, nataka kwenda kwa sababu nyumba imenishinda, na kwa sababu mimi na mtoto huyu hatujaongea vizuri tangu mazishi. Wenzangu wa shirika wanasema hiyo si hija, ni utalii, tena nina deni la Kibeho. Unasemaje?

JIBU: Milele na milele, amina. Pole sana, mwalimu.

Deni kwanza, maana jibu lake ni fupi: huna. Kanuni ya 1194 ya Sheria ya Kanisa inasema nadhiri hukoma likikosekana sharti iliyolitegemea. Wewe ulisema “akipona”. Na hata ungekuwa umefungwa kweli, kanuni ya 1196 inampa paroko uwezo wa kukufungua kwa sababu ya haki, bila kuumiza haki za wengine. Kibeho iko palepale, ng'ambo ya Ruzizi. Utakapotamani kwenda, nenda. Mama aliyetokea pale kuanzia mwaka 1981 alihimiza Rozari ya Mateso Saba, na mjane hahitaji kuelezwa mateso ni nini. Lakini usiende kwa kuogopa maneno ya watu.

Sasa sababu zako. Wenzako wanadhani hujaji huondoka nyumbani moyo ukiwa umeshatakata. Soma tena Luka 24. Wale wawili wa Emau hawakuwa wakienda hija. Walikuwa wakiipa Yerusalemu mgongo, kwa sababu aliyewapa matumaini alikuwa amekufa. Yesu hakuwauliza kwanza kama sababu yao ni ya dini. Aliandamana nao, akauliza wanazungumza nini, akawaacha waseme yote, hata yale waliyoyaelewa vibaya. Ndipo akafungua Maandiko. Huzuni yako, mwalimu, ni sababu tosha ya kuondoka.

Huko Santiago de Compostela kwenyewe, penye kaburi linaloheshimiwa kuwa la Mtume Yakobo, ofisi ya mahujaji humwuliza kila anayefika kilichomleta. Njia maarufu zaidi, itokayo Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, inakaribia kilomita 800, ila hati ya Compostela, inayothibitisha kwamba mtu amefanya hija hiyo, hutolewa hata kwa aliyetembea 100. Hutolewa kwa anayetembea kwa sababu ya dini au ya kiroho, au walau kwa moyo wa kutafuta. Hilo la mwisho nadhani ni lako.

Nina wasiwasi mmoja tu, na si ule wa shirika. Mtakatifu Gregori wa Nisa, katika karne ya 4, alifika Yerusalemu, kisha akaandika barua kuonya kwamba kubadili mahali hakumsogezi mtu karibu na Mungu. Nyumba iliyokushinda utaikuta. Na mtoto msiyeongea naye anaweza kutembea hatua kumi mbele yako siku nzima, masikioni kaweka muziki. Kwa hiyo mpigie simu kabla ya kuhangaikia viza, umwambie wazi unachokwenda kutafuta, na kwamba mama yake yumo. Akikubali hilo, hija imeshaanza; akikataa, bado nendeni, ila usimlazimishe njiani.

Jambo jingine ambalo huenda hulijui: mahujaji wanaruhusiwa kutembea kwa niaba ya marehemu au mgonjwa, na jina lake likaandikwa kwenye Compostela pamoja na la aliyetembea. Mkifika, ombeni liandikwe la mkeo. Rehema utakayoipata, yaani ondoleo la adhabu za dhambi linalotolewa na Kanisa, unaweza kumtolea yeye.

Kabla ya kuondoka, pita paroko wako akuungamishe na kukubariki. Kitabu cha Baraka kina ibada ya mahujaji. Na viatu vipya anza kuvivaa sasa, upande navyo milima ya Kadutu.