Niuze ploti au nijenge? Kilichonipata Kasarani

Ndugu uliyeuliza kama kodi ya ardhi ya kaunti itashusha bei ya ploti yako ya Ruai, na kama uuze sasa au ujenge: swali hilo nililijibu kwa pesa zangu mwenyewe, kwa hivyo nivumilie nieleze kwa urefu.

Nilinunua ploti ya futi hamsini kwa mia Kasarani, hapa Nairobi, mwaka 2008, shilingi milioni 1.2. Mashine zilipoanza kuchimba barabara ya Thika, mabroka wakaanza kunipigia simu. Lami haijamwagwa, bei imeshapaa. Barabara ilipokamilika 2012, ukitaja bei ya zamani unachekwa. Na mimi sikuwa nimefanya lolote pale ila ua wa seng'enge na mistari minane ya mahindi.

Kukaa hivyo kulinigharimu nini? Karibu sufuri. Kwa miaka mingi Nairobi ilitoza ardhi kwa orodha ya uthamini ya 1980, yaani makadirio ya thamani ya kila ploti, asilimia 34 ya thamani ya wakati huo. Asilimia 34 inatisha ukiisikia, lakini hiyo ni thamani ya enzi Moi ana miaka miwili tu ikulu. Baadaye kaunti ikaleta orodha mpya, yenye thamani za siku hizi, na kiwango cha asilimia 0.115. Kelele zikapigwa mpaka mahakamani. Lakini chukua kalamu: ploti yenye thamani ya milioni 9.2 inadaiwa shilingi 10,580 kwa mwaka. Hiyo ni pesa ya chumba kimoja cha kupanga, mwezi mmoja au miwili. Hakuna mtu atakayekimbia kuuza kwa sababu ya 10,580, na wauzaji wasipokimbia, bei haishuki.

Kuna jambo ambalo watu hawaligundui: kodi hii hupimwa kwa ardhi tupu, jengo halihesabiwi. Jirani yangu alipandisha ghorofa tano, mimi nikabaki na mahindi. Ukubwa wa ploti ni sawa, njia ni ile ile, deni letu kwa kaunti likawa sawa. Yaani kujenga hakuadhibiwi, na mvivu kama mimi hapati nafuu. Kodi hii ingekuwa kubwa kidogo, ningejenga au ningemwachia mwenye nguvu. Jirani yeye hulipa kwingine: wapangaji wakitoa kodi, naye anakatwa kodi, asilimia 7.5 ya mapato ya nyumba tangu Januari 2024 (awali ilikuwa 10). Kiswahili kimeviita vyote viwili kodi, na siku ya kulipa hata sioni tofauti.

Sasa nikueleze kilichoniuma. Mwishoni mwa 2022 nilipata mnunuzi wa milioni 9.2. Kodi ya faida ya mauzo ilikuwa asilimia 5, na sheria ilikuwa imeshapitishwa kwamba kuanzia 1 Januari 2023 itakuwa 15. Tukakimbizana. Wakili akaniambia niende kuchukua cheti kwamba sidaiwi na kaunti. Nilikuwa sijalipa miaka kumi na mmoja! Si kwa kukosa, ni kwa dharau: kiasi kidogo, hakuna anayekuja kudai, nikasahau. Riba haikusahau. Hadi nilipomaliza deni na cheti kutoka, Krismasi ikawa imefika, watu wako ushago, na hati zikaingia kusajiliwa Januari. Faida yangu ilikuwa kama milioni 8, ukiacha gharama ndogondogo. Badala ya laki nne nikatoa milioni 1.2. Laki nane ziliyeyuka kwa uzembe wangu mwenyewe.

Na usidhani ushuru wa stempu, ule anaolipa mnunuzi kuhamisha hati, asilimia 4 huku mjini, unamwumiza mnunuzi peke yake. Wangu aliutaja hata kabla hatujakaa vizuri, na bei ikateremka hadi hiyo milioni 9.2.

Linganisha basi. Kushika ile ploti: 10,580 kwa mwaka. Kuiachilia: milioni 1.2. Kwa pesa niliyotozwa siku moja ya kuuza ningeweza kulipia ardhi ile ikiwa tupu zaidi ya miaka mia moja. Mfumo wenyewe unakunong'oneza ukae tu, ndiyo maana utaona ploti za magugu katikati ya maghorofa, wenyewe wakisubiri barabara nyingine.

Kwa hivyo Ruai yako, sahau kodi ya kaunti kwanza, uliza bomba la majitaka, yaani suweji. Mabwawa ya kusafishia maji taka ya jiji yako huko huko Ruai, lakini hilo halimaanishi suweji inapita kwako. Jirani yangu wa ghorofa tano hana bomba hilo, kwa hivyo huita lori la kunyonya choo mara kwa mara, na kila likija hesabu yake ya faida inapungua. Barabara ya Kangundo na Eastern Bypass zimeshaingia kwenye bei uliyonunulia, usizihesabu mara ya pili.

Ukiamua kujenga ukae mwenyewe, kumbuka makao uliyoishi mfululizo miaka mitatu kabla ya kuuza hayatozwi kodi ya faida.

Kabla sijasema zaidi: hati yako ni ya milele au ya kukodi miaka 99? Na mara ya mwisho kulipa kaunti ilikuwa lini?