Uani mdogo, watoto wadogo: pima nafasi ya kuangukia kabla ya kununua bembea

Kosa kubwa kwenye vifaa vya michezo vya nyumbani hufanyika dukani au kwa fundi wa kuchomelea, kabla kifaa hakijafika uani. Mzazi anapima kifaa chenyewe, anaona kinaingia, analipa. Kumbe cha kupimwa ni eneo lote ambalo mwili wa mtoto utapita ukiwa hewani, pamoja na pale utakapoangukia.

Tuchukue uani wa mita 4 kwa 6, yaani kilichobaki baada ya kuondoa gari, tanki la maji na chemba za choo. Mwongozo wa tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji (CPSC) unataka mita 1.8 za wazi kila upande wa kifaa: pasiwe na ukuta, nguzo, kingo za saruji wala kamba ya kuanikia nguo. Kwa upana wa mita 4, unabakiwa na sentimita 40 tu. Viwango vya Ulaya vinaanzia mita 1.5 kwa vifaa vifupi, na hapo unapata mita nzima. Kwa watoto wa miaka miwili hadi mitano na kifaa kisichozidi mita moja kwenda juu, mita 1.5 ndiyo ya chini kabisa tunayoikubali. Chukua futi kamba, chora mstari wa chokaa chini, kisha ndipo uende dukani.

Bembea ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Yenyewe inaonekana nyembamba, lakini mbele na nyuma inadai mara mbili ya kimo cha bomba la juu inakoning'inia. Bomba likiwa mita 2, unahitaji mita 4 mbele na mita 4 nyuma, jumla 8. Haiingii kwenye uani wetu, na kuiegemeza ukutani ili "ibembee kidogo tu" ni kumwekea mtoto ukuta wa kugonga. Inayoingia ni ya watoto wachanga zaidi, yenye kiti kinachomzunguka mtoto pande zote na matundu mawili ya miguu. Kwa kiti hiki kipimo ni mara mbili ya umbali kutoka bombani hadi anapokalia. Bomba likiwa mita 1.5 na kiti sentimita 60 kutoka ardhini, umbali ni sentimita 90, kwa hiyo unahitaji mita 1.8 mbele na 1.8 nyuma. Mita 3.6 zinaingia kwenye upana wa mita 4, na bomba la juu lifuate urefu wa mita 6 ili pembeni pabaki nafasi. Weka kiti kimoja tu. Kati ya kiti na miguu ya fremu ziwepo sentimita 75 kila upande.

Kwa fundi, agiza bomba la inchi mbili, miguu iliyotanuka kama herufi A. Chimba mashimo ya kina cha sentimita 60 na upana wa 30, mimina zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), na uliishie sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi, kisha fukia kwa udongo. Zege likiachwa juu, ndilo kichwa kitakalolikuta. Limwagilie maji kwa siku saba kabla mtoto hajakalia. Fremu iliyosimamishwa bila kuchimbiwa hunyanyua mguu kila bembea inapofika mwisho, na siku atakapopanda mtoto mkubwa wa jirani itapinduka.

Sehemu inayokatika huwa ni pale cheni inapokutana na bomba. Mafundi wengi huchomelea pete moja kwa moja, chuma kinasugua chuma, na pete inazidi kuwa nyembamba bila mtu kuona kwa sababu iko juu. Omba kiungo cha kufungwa kwa bolti kinachoweza kubadilishwa, na kibadilishe kikishaliwa theluthi ya unene wake. Matundu ya cheni yakizidi milimita 8 vidole vinaingia, basi pitisha cheni ndani ya kipande cha mpira wa maji. Kamba ya nailoni tunaikataa kwa bembea ya kudumu, maana jua huidhoofisha kabla haijaonekana kuchakaa. Kiti kiwe cha mpira. Mtoto wa miaka miwili hupita mbele ya bembea bila kuangalia, na ubao mgumu ukimpiga usoni unaweza kumvunja meno.

Kama kuna mwembe mzima wenye tawi nene, unaweza kuokoa gharama ya fremu, ila vipimo vya nafasi ni vilevile. Chini ya mnazi usiweke kitu chochote cha watoto.

Slaidi ya kuteleza inafaa zaidi kwa eneo hili, mradi jukwaa lake lisizidi mita moja na mteremko usizidi nyuzi 30. Kwa nyuzi hizo, jukwaa la mita moja linateremka kwa mita 1.7 za ardhi; ongeza ngazi na nafasi za mbele na nyuma, na umefika karibu mita 5.5. Huku kwetu pwani jua la mchana hupita karibu utosini mwaka mzima, kwa hiyo kugeuza slaidi upande fulani hakutoshi. Slaidi ya bati inaunguza mapaja hadi iwekewe kivuli cha mti au turubai. Ya plastiki nayo hupata moto, ila si kwa kiasi hicho. Ukinunua ya mtumba, kandamiza kwa kidole gumba kwenye mikunjo: ikitoa vumbi jeupe au mlio wa kukatika, jua limeshaimaliza na itapasuka kwa makali.

Halafu kuna hili la kumpakata mtoto na kuteleza naye, ambalo wazazi hulifanya kwa upendo kabisa. Mguu wa mtoto ukishika pembeni, uzito wa mtu mzima unaendelea kushuka na mfupa wa muundi unavunjika. Kama hawezi kuteleza peke yake, bado umri wake haujafika.

Kagua vyuma vya pembeni mwa jukwaa na ngazi. Uwazi wa kati ya sentimita 9 na 23 ni hatari: mwili unapita kwa miguu, kichwa kinakwama, mtoto ananing'inia kwa shingo. Nafasi za nondo za dirishani mara nyingi zinaangukia humohumo, na fundi anazoea kuzirudia. Mwambie kabla hajakata chuma kwamba kila uwazi uwe chini ya sentimita 9.

Chini ya kifaa ndiko fedha inakotakiwa kwenda, na ndiko wengi wanakobania. Nyasi zikikanyagwa kwa miezi michache zinabaki udongo mgumu. Tofali za paving hata zisitajwe. Mchanga wa mto uliochekechwa, kina cha sentimita 30, unafaa. Eneo la mita 3 kwa 4 linakula mita za ujazo 3.6, karibu tani 6. Mvua huushindilia, kwa hiyo uchambue kwa reki kila wiki na uurudishe pale miguu ilipochimba shimo, yaani chini ya kiti na mwisho wa slaidi.

Kama hesabu hizi zote zimegoma, usijione umemnyima mtoto. Sanduku la mchanga la mita 1.2 kwa 1.2, kina sentimita 25, linachukua toroli sita hivi na linamshika mtoto wa miaka mitatu muda mrefu kuliko bembea. Toboa matundu chini maji yatoke, na ulifunike kila jioni, kwa kuwa paka hulifanya choo na minyoo hukaa humo. Mfuniko uwe wa wavu mzito au mbao zenye nafasi ili mchanga upumue.

Matairi ya zamani ni mazuri kwa kukwea na kuruka, lakini yale yaliyotokeza nyaya za chuma yatupwe. Yanayobaki toboa matundu matatu au manne upande wa chini. Tairi lenye maji ni makazi ya mbu wa dengi, na Dar es Salaam ilishapata milipuko ya ugonjwa huo, 2014 na 2019.

Trampolini tunaiacha nje kabisa kwa umri huu. Madaktari wa watoto wa Marekani hawashauri itumiwe nyumbani, na walio chini ya miaka sita ndio wanaoumia kirahisi zaidi, hasa wakiruka wawili kwa pamoja: mdogo ndiye anayerushwa.

Mwishoni mwa Februari, kabla masika hayajaanza, fukua udongo kwenye miguu ya kila chuma kwa sentimita 10. Kutu ya pwani huanzia hapo, pale bomba linapoingia kwenye zege, huku juu rangi ikiwa bado inang'aa. Gonga kwa nyundo ndogo. Sauti ikiwa butu au rangi ikibanduka na vipande vya chuma, mguu huo ukatwe na uchomelewe mpya. Ukiwa mzima, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi ya mafuta, na uache ikauke kabisa kabla ya kurudisha udongo.