Uwiano si Idadi: Nilivyojifunza Kujibu Maswali ya Utoshelevu wa Taarifa

Nilipoanza kujiandaa kwa GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara za vyuo vikuu, nilidhani maswali ya utoshelevu wa taarifa yangekuwa mepesi, kwa sababu hayamtaki mtahiniwa akokotoe jibu, bali aamue tu kama taarifa mbili alizopewa, kila moja peke yake au zote kwa pamoja, zinatosha kulipata. Daftari langu la makosa lilinisuta mapema. Maswali ya uwiano na ya sehemu yalikuwa yamejaa humo, na mara nyingi hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nilichokosea ni kutotambua swali lilikuwa linataka nini.

Siku hizi, kabla sijaigusa taarifa yoyote, hujiuliza kwanza: ninatakiwa kutafuta uwiano au idadi? Tuseme ukumbini mna wanaume na wanawake, na swali linataka kujua wanawake ni sehemu gani ya watu wote. Taarifa ya kwanza inasema wanawake wamewazidi wanaume kwa asilimia 25. Ya pili inasema wamewazidi kwa watu 12. Zamani ningeikataa ya kwanza kwa kuwa haitaji idadi ya watu, kisha ningeziunganisha zote mbili, nikapata wanaume 48 na wanawake 60, na kuchagua kwa furaha jibu lisemalo kwamba zote zinahitajika. Kumbe asilimia 25 zaidi ni uwiano wa 5 kwa 4, hivyo wanawake ni 5/9 ya watu wote, wawe tisa au elfu tisa. Taarifa ya kwanza inajitosheleza. Ya pili haitoshi, kwa maana tofauti ya 12 hupatikana kwa 13 na 1, na vilevile kwa 112 na 100.

Swali likitaka idadi, mambo hugeuka. Nikiambiwa kalamu nyekundu na za bluu zina uwiano wa 3 kwa 5, huandika 3k na 5k, kisha natafuta kitakachoifunga k kwenye thamani moja. Jumla ya kalamu huifunga, na tofauti pia. Tukiambiwa kwamba zikiongezwa kalamu 4 kwa kila rangi uwiano unakuwa 2 kwa 3, tunapata k = 4, yaani nyekundu 12 na bluu 20. Mtego ulioninasa zaidi ya mara moja ni huu: ziliondolewa nyekundu 6 na bluu 10, na uwiano ukabaki uleule. Namba zimetajwa, mlinganyo unaandikika, lakini ukizidisha, kila upande unatoka 15k − 30. Hatujaambiwa jambo jipya.

Jambo jingine ambalo swali halilisemi waziwazi ni kwamba kalamu hazihesabiwi kwa vipande. Taarifa kwamba jumla yake ni zaidi ya 40 na pungufu ya 50 inaonekana legelege, ilhali inatosha kabisa, kwa kuwa jumla ni 3k + 5k, yaani 8k, na kigawe pekee cha 8 kilichomo humo ni 48. Lau zingekuwa lita za rangi mbili zilizochanganywa kwa uwiano huohuo, taarifa hiyo isingetufikisha popote.

Kuhusu herufi tupu, tahadhari ni moja tu: x/y = 3/5 haimaanishi kwamba x ni ndogo kuliko y, maana −3 ni kubwa kuliko −5. Usilichukulie hilo mpaka swali liseme kwamba namba hizo ni chanya.

Katika toleo la sasa la mtihani, maswali haya yamo kwenye sehemu yenye maswali 20 kwa dakika 45. Kwa hiyo nikishaona kwamba k ina thamani moja tu, naweka kalamu chini bila kuitafuta. Ila mlinganyo wenyewe nauandika kila mara, kwa sababu ule wa 6 na 10, kwa macho tu, ungenidanganya tena.