Wachungaji wapenzi wa jinsia moja: maswali kutoka Nyanda za Juu Kusini

Usharika rafiki wa Marekani unatuletea mchungaji aje ahubiri. Tumesikia kanisa lao limekubali wachungaji mashoga. Tumkatae? (Mzee wa kanisa, Kilolo)

Mzee wetu, jueni kwanza ni nani anayekuja. ELCA, kanisa la Kilutheri la Marekani ambalo sinodi yake ya Saint Paul (sinodi kule ni kama dayosisi) ina urafiki na Dayosisi ya Iringa tangu 1987 (ndiyo Bega kwa Bega), ilipiga kura Minneapolis Agosti 2009: 559 kwa 451. Tangu hapo mchungaji anaweza kuishi na mwenza wa jinsia yake, mmoja na wa kudumu. Awali alikubaliwa tu aliyeishi bila mwenza. Ila kule usharika ndio humwita mchungaji wake, na hakuna unaolazimishwa kumwita asiyemtaka. Jina la kanisa peke yake, basi, halikuelezi msimamo wa mgeni.

Kwetu kuna Tamko la Dodoma la maaskofu wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, 2010: walio katika ndoa za jinsia moja, na wanaoziunga mkono, wasialikwe kufanya kazi katika KKKT. Mwaliko uandikwe, upite kwa mchungaji wenu na mkuu wa jimbo hadi ofisi ya dayosisi, jibu lirudi kabla mgeni hajakata tiketi. Mambo huharibika wazee wanapoalika kwa WhatsApp na dayosisi ikasikia mgeni ameshatua. Na tafadhali, asihojiwe mambo ya chumbani mbele ya sahani ya ugali.

Na fedha za karo za marafiki hao wa Marekani? (Mweka hazina, Mafinga)

Tamko hilohilo linakataa pia fedha na misaada ya wanaounga mkono ndoa hizo. Hata hivyo urafiki wa Iringa na Saint Paul haukuvunjika. Mekane Yesus, kanisa la Kilutheri la Ethiopia, ndilo lililokata uhusiano na ELCA na Kanisa la Sweden, 2013. Kupima fedha ipi ipokelewe ni kazi ya dayosisi. Wewe andika stakabadhi, taja mtoaji na kusudi.

Sisi Wamoravian tuko kanisa moja na wa Marekani. Uamuzi wao unatufunga? (Mwanakwaya, Tukuyu)

Hapana. Sinodi, yaani mkutano mkuu, ya Jimbo la Kaskazini la Marekani iliruhusu mwaka 2014 wapenzi wa jinsia moja wabarikiwe kuwa wachungaji, kwa jimbo lao tu. Jimbo lenu la Kusini, hapa Tanzania, lina sinodi yake. Chombo kilicho juu ya majimbo yote ni Sinodi ya Umoja, ambayo kwa kawaida hukutana kila baada ya miaka 7.

Papa Francis aliruhusu mapadre mashoga? (Muumini, Mbeya mjini)

Hakuruhusu. Waraka wa Vatikani wa 18 Desemba 2023 ulihusu baraka fupi, nje ya liturujia, kwa watu wawili wa jinsia moja, haukugusa upadre. Maaskofu wa Afrika, kupitia SECAM, umoja wa mabaraza yao, walisema Januari 2024 kwamba hata baraka hizo hazifai kwao. Kuhusu seminari, maelekezo ya Vatikani ya 2005 yanamzuia mwenye mwelekeo huo uliokita mizizi. Uliokuwa wa kupita tu, uwe umekwisha angalau miaka 3 kabla ya ushemasi.

Watu wananong'ona kuwa kasisi wetu ni shoga. Tuitishe kikao? (Mama wa Kianglikana, Njombe)

Msiitishe, mama. Kutooa, sauti nyororo au kuishi na kijana wa kazi si ushahidi. Hatari yake ni kubwa: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kina kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha, na umbea wa jumuiya unaweza kufika polisi kabla ya kufika kwa askofu. Mwenye shutuma aliyeona jambo mwenyewe aliandike, atie sahihi, alipeleke kwa askofu, mwenye mamlaka juu ya makasisi. Asiyekubali kutia sahihi anyamaze.

Maaskofu wetu hupenda kutaja azimio 1.10 la Lambeth 1998, mkutano wa maaskofu Waanglikana wa dunia, lililopita kwa kura 526 dhidi ya 70. Kweli lilikataa kuwaweka wakfu walio katika mahusiano ya jinsia moja. Lakini linataka pia watu wote wahudumiwe kichungaji, na linalaani hofu isiyo na msingi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Sehemu hiyo haisomwi sana mimbarani. Mwombeni kasisi wenu, au askofu akija kwa kipaimara, aisome yote.