Siku nne kati ya mito miwili: nawajibu mlioniuliza kuhusu Lyon

Nilipoandika kwamba mimi na wifi yangu tulikaa Lyon siku nne mwezi Mei, bila kutoka nje ya mji hata mara moja, maswali yalikuja mengi. Nimechukua yale yaliyorudiwa zaidi.

"Nina siku sita za Ufaransa na mume wangu. Nimezigawa hivi: Paris tatu, Lyon moja, Nice mbili. Ninyi siku nne mji mmoja mlikuwa mnafanya nini?" (Mama, Arusha)

Dada, hiyo siku moja ya Lyon ama uifute, ama uiongeze. Treni ya mwendo kasi kutoka Paris huchukua kama saa mbili tu, ndiyo maana wengi huuona mji huu kuwa wa kupitia. Lakini hesabu vizuri: kufunga mizigo, kushuka kituo cha treni cha Part-Dieu, kutafuta hoteli, kuacha mabegi, kula. Mkija kupumua, jua limeshainamia kilima cha Fourvière. Ningekuwa wewe ningeiacha Nice.

Sisi asubuhi tulishuka sokoni Quai Saint-Antoine, kando ya mto Saône, ambako wauza jibini, matunda na maua hupanga meza zao kila siku isipokuwa Jumatatu. Tulinunua stroberi na mkate, tukakaa ukingoni. Mchana tulitazama kitu kimoja, kimoja tu. Jioni tukahamia mto wa pili, Rhône.

"Mito yote si maji? Mbona unaizungumzia kama watu wawili?" (Kijana, Mwanza)

Kwa sababu ndivyo nilivyoiona. Rhône huanzia kwenye barafu ya milima ya Uswisi, hupita Ziwa Geneva, na hufika Lyon ukiwa na baridi na haraka. Saône hutoka upande wa milima ya Vosges na kuvuka nchi tambarare, basi hufika umetulia. Julius Caesar aliuelezea kuwa unakwenda polepole kiasi kwamba jicho haliwezi kuamua maji yanaelekea upande gani. Wifi yangu alisimama darajani akitafuta jibu la jambo hilo kwa muda mrefu, na mimi sikumharakisha.

Mji wa kale uliota kando ya ule mpole. Rhône watu waliuogopa, na walikuwa na sababu: mafuriko ya mwaka 1856 yalibomoa nyumba nyingi za ukingo wa kushoto. Baada ya hapo kingo zikaimarishwa, na baadaye zikageuzwa maegesho ya magari. Tangu 2007 magari yameondolewa. Leo ni njia ya kilomita 5 hivi ya watembea kwa miguu na baiskeli, na karibu na daraja la Guillotière kuna ngazi pana zinazoshuka kuelekea majini. Jioni ya joto hujaa watu wa kila rangi na kila umri, wamekaa tu. Nilifurahi sana kuona mji ulioamua kuyanyang'anya magari ukingo wa mto na kuwapa watu.

Ukitaka kuiona mito ikikutana, panda tramu T1 mpaka Musée des Confluences, jumba la makumbusho la vioo na chuma lililofunguliwa 2014. Pita nyuma yake mpaka kwenye ncha ya nchi kavu. Maji ya Rhône yana ukijani, ya Saône yana ukahawia, na kwa kitambo kidogo yanakwenda sambamba kabla hayajachanganyika.

"Umesema mliingia kwenye nyumba za watu na kutokea upande wa pili. Hamkufukuzwa?" (Msomaji, Mombasa)

Hatukufukuzwa, ila tulinyamaza. Njia hizo huitwa traboule. Ardhi kati ya kilima na mto Saône ni nyembamba, kwa hiyo mitaa ya mji wa kale imelala sambamba na mto, na ya kukatisha ni michache. Watu wakapitisha vichochoro ndani ya nyumba zenyewe: unasukuma mlango wa mbao, unapita ukumbi wenye giza, unakutana na ua wenye ngazi za kuzunguka na kisima, kisha unatokea mtaa mwingine. Iliyo ndefu kuliko zote katika mji wa kale huanzia namba 54 ya rue Saint-Jean na kutokea namba 27 ya rue du Bœuf. Wenyewe bado wanaishi humo. Halmashauri imekubaliana na baadhi yao: wao huacha mlango wazi mchana, nayo husaidia gharama za usafi, taa na matengenezo. Basi ingia kama mgeni aliyebisha hodi. Usipige kelele, na usimpige picha mtu anayeanika nguo zake.

Lakini ukiishia mji wa kale utakuwa umeona nusu. Panda Croix-Rousse, kilima cha wafuma hariri walioitwa canuts. Joseph-Marie Jacquard, mzaliwa wa Lyon, alitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1800 mtambo wa kufumia ulioongozwa na kadi zenye matundu. Mtambo huo ni mrefu, kwa hiyo nyumba za kilimani zilijengwa na dari za karibu mita 4 na madirisha makubwa. Familia ilifanya kazi, ikala na ikalala chini ya dari hiyohiyo. Mwezi Novemba 1831 wafumaji hao waliinuka. Walichodai ni kima cha chini cha malipo ya kazi yao, ambacho wafanyabiashara walikataa kukiheshimu. Bendera yao ilikuwa na maneno haya: kuishi kwa kufanya kazi au kufa kwa kupigana. Jeshi liliingia likawazima. Mwaka 1834 wakainuka tena, na safari hiyo damu nyingi ilimwagika.

Tulikaa kimya katika Cour des Voraces, penye ngazi kubwa ya mawe ya ghorofa sita, tukiwawaza. Wifi yangu ni fundi cherehani. Alipoona mfumaji akionyesha kazi kwenye mtambo wa zamani huko Maison des Canuts, makumbusho ya wafumaji hao, aliuliza swali moja tu: "Kwa siku moja anapata kipimo gani?" Kwa vitambaa vyenye maua mengi jibu ni sentimita chache. Kanga aliyokuwa amejitanda aliivua, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani.

"Mimi ni Mwislamu. Nasikia Lyon ni nguruwe na mvinyo. Nitakula nini?" (Msomaji, Unguja)

Migahawa ya kienyeji, inayoitwa bouchon, kweli imejaa nguruwe, na mvinyo huingia hata kwenye mchuzi. Quenelle, yaani tonge la samaki wa mtoni aliyepondwa, laini kama wingu, nisingeacha kuitaja, lakini uliza kwanza mchuzi umepikwa kwa nini. Maneno matatu ya kushika: *sans porc* ni bila nguruwe, *sans vin* ni bila mvinyo, na *halal* wanalijua. Ukivuka Rhône ukaingia Guillotière utakuta migahawa ya Waarabu wa Afrika Kaskazini, kuskusi na nyama ya kondoo. Msikiti Mkuu wa Lyon uko wilaya ya 8 ya mji, ulifunguliwa mwaka 1994. Na usiondoke bila kuonja tati, keki bapa ya lozi zilizopikwa na sukari ya rangi ya waridi.

Angalizo kwa wote: chakula cha mchana ni saa sita hadi saa nane. Sisi tulifika mahali saa tisa tukakuta jiko limezimwa, tukashindia ndizi.

"Mama yangu ana magoti mabovu. Vilima hivyo ataviweza?" (Msomaji, Dodoma)

Ataviweza bila kupanda ngazi moja ya mtaani. Kutoka kituo cha Vieux Lyon kuna gari la kuvutwa kwa kamba linalopanda mpaka mlangoni mwa basilika ya Fourvière. Wenyeji huiita basilika hiyo tembo aliyepinduliwa, kwa sababu ya minara yake minne. Croix-Rousse hupandwa kwa metro C.

"Viza naombea ubalozi gani?" (Msomaji, Nairobi)

Ukizunguka nchi kadhaa za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, omba kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi.

"Sisi Wakatoliki kuna la kutuhusu huko?" (Mwanakwaya, Songea)

Lipo, na ni kubwa. Sadaka ya Jumapili ya Misioni ina mzizi Lyon. Pauline Jaricot, aliyezaliwa mwaka 1799, binti wa tajiri wa hariri, aliwapanga wafanyakazi katika vikundi vya watu kumi, kila mmoja akitoa senti moja kwa wiki kwa ajili ya misioni. Mwaka 1822 jitihada hiyo ikazaa shirika la Uenezaji wa Imani, ambalo leo ni moja ya Mashirika ya Kipapa. Mwenyewe alikufa maskini mwaka 1862. Alitangazwa Mwenye Heri Mei 2022, pembezoni mwa mji huohuo. Mabaki yake yapo kanisa la Saint-Nizier. Nenda ukasali pale kwa ajili ya jumuiya yako.

"Ninyi hamkugombana? Mimi na rafiki yangu tulirudi kutoka Istanbul kila mtu na ndege yake." (Msomaji, Kampala)

Siku ya pili tulikaribia. Mimi natembea, yeye hukaa. Nilitaka tupande kuona ukumbi wa maigizo wa Warumi ulio Fourvière, yeye akasema miguu yake imekataa. Tukakubaliana: saa tatu za mchana kila mtu na zake, saa kumi na mbili jioni tukutane kwenye ngazi za Guillotière. Nilipanda, nikakaa peke yangu kwenye mawe yaliyokaliwa na watu miaka elfu mbili iliyopita. Niliposhuka nilimkuta wifi yangu katikati ya wanawake watatu wa Comoro. Walimsikia akizungumza na simu kwa Kiswahili, wakamsogelea, na sasa walikuwa wanamfundisha salamu za kwao. Alinipungia mkono kunionyesha nafasi waliyoniwekea.